Silibwet Haihitaji Hoteli, Inadai Fungu Lake la Mto

Kuna rai moja iliyozoeleka katika nchi ya majani chai, kutoka Kericho hadi Bomet, kiasi kwamba anayeipinga huonekana anapinga maendeleo yenyewe. Vilima vyetu ni vya kijani mwaka mzima, husemwa, hewa ni ya baridi, Maasai Mara iko karibu. Kinachokosekana ni mwekezaji wa kujenga hoteli kubwa ya mapumziko. Akija huyo, vijana watapata kazi, barabara zitawekwa lami, maziwa na mboga zitapata soko, na mkulima hatakesha tena akiomba Mungu kuhusu bonasi ya chai. Maneno haya husikika barazani, redioni, kwenye harambee na hasa msimu wa kura. Silibwet, kituo cha biashara kilicho kilomita chache kutoka mji wa Bomet, nacho kimeingizwa katika ndoto hiyo.

Wengi wanaoisema rai hii wana nia njema. Hata hivyo wamekosea, na kosa lao linaweza kuwagharimu wakazi vizazi viwili au vitatu. Silibwet tayari imo ndani ya biashara ya utalii, tena kwenye chanzo chake. Inachokosa ni fungu lake, na hoteli juu ya kilima haitalileta fungu hilo.

Ushahidi wa kwanza ni mto. Nyangores unatoka katika msitu wa Mau, unakatiza mashamba ya chai na kuporomoka Tenwek, jirani na Silibwet, ambako tangu miaka ya 1980 nguvu ya maji yake imekuwa ikiipa hospitali umeme. Unapita chini ya daraja la mji wa Bomet, unaelekea kusini na kukutana na Amala, ule unaopita Mulot. Kuanzia hapo mito hiyo miwili inakuwa mmoja, nao ndio Mara. Ni mto uleule ambao nyumbu huuvuka kati ya Julai na Oktoba huku magari ya watalii yamejipanga ukingoni. Unaingia Serengeti na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria, upande wa Musoma. Kiangazi kikikaza, wanyama wa mbuga hizo mbili hawana mto mwingine wa kutegemea kama huo. Maana yake ni kwamba kila picha ya nyumbu anayeruka majini ina deni kwa mashamba na misitu ya nyanda za juu.

Deni hilo halijalipwa. Tangu 2024, mgeni asiye mkazi wa Afrika Mashariki anayeingia Maasai Mara hutozwa dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba. Ada hiyo huingia katika hazina ya Kaunti ya Narok. Hakuna sheria inayoilazimu kaunti hiyo kumpelekea mkulima wa Silibwet hata senti moja kwa ajili ya maji yanayoufanya msimu huo wa dola 200 uwepo.

Ili kuuona uzito wa pesa hizo, inafaa kusimama kwenye kituo cha kununulia majani. Mchumaji ameingia shambani umande haujakauka. Amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni isimlowe, kikapu kiko mgongoni, na vidole vinakata majani mawili na chipukizi, mara elfu kadhaa, kabla kikapu hakijajaa. Kituoni majani humwagwa mezani na kukaguliwa. Yaliyokomaa kupita kiasi hutupwa kando. Kisha yanapimwa kwenye mizani, karani anachapa risiti, na wote wanasubiri lori, kwa maana majani yakikaa sana kwenye gunia hupata joto na kuharibika. Baada ya hayo yote, mkulima wa kiwanda kilicho chini ya KTDA hulipwa mwisho wa mwezi shilingi ishirini na kitu kwa kilo, halafu husubiri bonasi ya mwaka. Ada ya mtalii mmoja kwa siku moja ya Agosti, kama shilingi 26,000, ni sawa na malipo ya mwezi ya takriban kilo elfu moja za majani mabichi. Mchumaji hodari akifanya kazi siku sita kwa wiki, hiyo ni jasho la mwezi mzima.

Watetezi wa hoteli hulichukua pengo hilo kuwa hoja yao. Kama utalii una pesa nyingi hivyo, wanauliza, kwa nini Silibwet isijenge kitanda chake ikavuna? Swali ni zuri, na jibu lake liko umbali wa safari fupi ya matatu.

Kericho kuna Tea Hotel. Ilijengwa miaka ya 1950 na kampuni ya Brooke Bond, katikati ya bahari ya chai, yenye bustani pana na jina lililojulikana nchi nzima. Ilikuwa na kila kinachoahidiwa Silibwet leo: mandhari, hewa safi, barabara kuu inayopita mlangoni na mji mzima wa kuihudumia. Ilitoka mikononi mwa kampuni, ikapita katika mikono mingine, ikazama katika mivutano ya umiliki, na katika miaka ya karibuni imetajwa zaidi kwa uchakavu wake kuliko kwa wageni wake. Ikiwa hoteli yenye historia na mahali kama hapo haikuweza kuubeba uchumi wa Kericho, wala kujibeba yenyewe, ni wajibu wa anayeahidi nyingine kueleza ya kwake itaponaje. Hadi sasa maelezo hayo hayajatolewa. Tena, mtalii wa Mara huruka kutoka uwanja wa Wilson hadi kiwanja kidogo cha ndege ndani ya mbuga, au hupitia Mai Mahiu na Narok kwa gari. Kupanda hadi Silibwet hakumo katika safari yake, na kwa kawaida malipo yake yameshapokelewa Nairobi au ng'ambo kabla hajafunga mkoba.

Mfano wa kijiji cha mlimani kilichopata wageni kweli haukosekani. Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni lango la zamani la kupandia mlima mrefu kuliko yote Afrika. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1973 na kufunguliwa kwa umma 1977, na makumi ya maelfu ya wageni hupanda mlima huo kila mwaka. Ila kilichoinyanyua jamii ya Wachagga kabla ya hapo kilikuwa kahawa, kahawa iliyouzwa kupitia ushirika wao wenyewe, KNCU, ulioundwa 1933. Utalii ulipokuja, vijana wengi waliingia kwa mlango wa upagazi. Hali yao ilikuwa ngumu kiasi kwamba mwaka 2003 lilianzishwa shirika mahsusi la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, kuwaazima mavazi ya baridi na kufuatilia kama wanalipwa wanachostahili. Kanuni ya hifadhi kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 haikutungwa bila sababu. Wageni wengi, mlima maarufu duniani, na bado kijana wa kijijini alihitaji mtu wa nje amsimamie apate ujira halali. Silibwet haina Kilimanjaro. Ingeanza kudai ujira huo ikiwa na nguvu ndogo kuliko Marangu.

Kisha kuna mwaka 2020, ambao ungepaswa kuumaliza ubishi huu. Machi mwaka huo Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Korona, na kabla mwezi haujaisha ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Wageni waliokuwa zaidi ya milioni mbili mwaka 2019 wakashuka hadi chini ya laki sita. Hoteli zilifungwa, wafanyakazi wakarudishwa makwao, na hata hifadhi za jamii kandokando ya Mara, zinazolipa Wamaasai kodi ya ardhi yao, zililazimika kupunguza malipo. Katika mwaka huohuo Kenya ilizalisha karibu kilo milioni 570 za chai, kutoka kama milioni 459 mwaka uliotangulia. Bei mnadani Mombasa haikuwa ya kufurahisha. Lakini majani yalichumwa, malori yalikuja, na karo ikalipwa. Zao linalolalamikiwa kila mwaka ndilo lililosimama mgeni alipokosekana.

Malalamiko yenyewe ni ya haki. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika mwaka baada ya mwaka kwamba bonasi yao iko chini mno ikilinganishwa na ya wenzao wa Mlima Kenya, na wana haki ya kudai maelezo ya kila shilingi kutoka kwa wakurugenzi wa viwanda, KTDA na Bodi ya Chai. Hapo ndipo vita vyenyewe vilipo. Ndoto ya hoteli inawaondoa watu kwenye vita hivyo na kuwaketisha kungoja mfadhili. Kiongozi akiulizwa kwa nini kilo ya majani ya Bomet inalipwa kidogo, akajibu kwa kuonyesha mchoro wa hoteli, hajalijibu swali.

Suala la ardhi ni zito zaidi, na Wakipsigis, wenyeji wa eneo hili, hawahitaji kufundishwa na mtu. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet yalikatwa kutoka katika ardhi yao enzi za ukoloni. Mwaka 1934 ukoo wao wa Talai ulitungiwa sheria na kuhamishiwa Gwassi, mbali na kwao, mahali penye malale na malaria. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba dhuluma ilitendeka. Mwaka 2022 madai ya Wakipsigis na Watalai dhidi ya Uingereza yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Kampuni zimebadilika majina na wenyewe, kutoka Brooke Bond hadi Unilever, na hivi karibuni mashamba mengi yamenunuliwa na wawekezaji wa Sri Lanka. Walionyang'anywa wangali wanasubiri.

Hoteli ya kifahari haijengwi kwenye kipande cha nusu ekari. Inataka kilima chenye mandhari, chemchemi yake, uzio na njia yake ya kuingilia. Silibwet ni nchi ya mashamba madogo, ekari moja hapa, mbili pale, yaliyogawanywa kwa wana na sasa kwa wajukuu. Mwekezaji atanunua kutoka kwa familia moja moja, akianza na yenye deni la hospitali au karo. Bei ya kwanza itaonekana nzuri. Miaka 10 baadaye aliyeuza atakuwa anapanga chumba kituoni na mwanawe ni mlinzi kwenye lango la lililokuwa shamba la babu.

Hapa watetezi huitaja Iten. Je, mji ule wa Elgeyo Marakwet haukujengwa na wageni? Ulijengwa, lakini tazama ulivyojengwa. Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's mwaka 1976, na mabingwa wakatoka pale kwa miaka mingi kabla kambi za wageni hazijawa biashara. Kambi mashuhuri ya mazoezi ya Iten ilianzishwa na Lornah Kiplagat, mkimbiaji mzaliwa wa eneo hilo, kwa pesa za mbio. Wanariadha wengine walirudi na zawadi zao, wakanunua ploti, wakajenga nyumba za kupangisha na maduka. Mgeni wa Iten hukaa majuma kadhaa, hula ugali wa mahali pale na kukimbia kwenye barabara ileile ya vumbi na wenyeji. Iten inathibitisha kwamba kazi ya wenyeji ikitangulia na umiliki ukabaki kwao, mgeni huja kuongeza. Haithibitishi kabisa kwamba jengo la mwekezaji humtangulia mgeni.

Umiliki ndio kiini hata mbali na hapa. Zermatt, kijiji cha Uswisi chini ya Matterhorn, hutajwa kama kilele cha utalii wa milimani. Hoteli yake ya Zermatterhof, iliyofunguliwa 1879, ilijengwa na wanakijiji wenyewe kwa pamoja, na hadi leo jumuiya yao ya wenyeji ni mmiliki mkubwa wa hoteli na migahawa pale. Karibu zaidi, Il Ngwesi huko Laikipia imekuwa na nyumba ya wageni ya jamii tangu 1996, juu ya ardhi ambayo haikuuzwa. Anayependekeza hoteli Silibwet aje kwanza na hati inayoonyesha ardhi itabaki kwa nani, hisa ni za nani, na mikopo ikishindwa kulipwa nani atapoteza. Bila hati hiyo, mifano ya Uswisi na Laikipia haimsaidii.

Kuhusu soko la maziwa na mboga, hoteli za Mara tayari zipo, nyingi, na zina jikoni. Bomet ina ng'ombe wa maziwa, viazi na kabeji, na lami inafika Narok. Ushirika wenye tangi la kupozea maziwa, gari la baridi na mkataba wa mwaka mzima na hoteli hizo ungeleta pesa mapema kuliko jiwe la msingi la jengo lolote, tena bila mtu kuuza ekari.

Wageni wa Silibwet nao wapo tayari, ila hawavai kofia za safari. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari 1937, huvuta wagonjwa kutoka kaunti nyingi, pamoja na wanafunzi wa uuguzi na madaktari wanaojifunza upasuaji. Kila mgonjwa aliyelazwa ana dada au mjomba aliyekuja na chupa ya chai, blanketi na mkoba, na ambaye jioni ikifika anatafuta pa kulaza ubavu kwa bei anayoiweza. Huyo hana msimu. Vyumba safi vya wastani vinavyomilikiwa na familia au chama cha akina mama, maji ya kuoga yenye moto, taa barabarani na choo cha umma kinachosafishwa vingemhudumia kila siku ya mwaka. Hakuna anayeviweka kwenye bango la kampeni, na hiyo ni aibu ya wanaochora mabango.

Kwa hiyo Silibwet idai nini? Idai malipo ya mto, na malipo ya aina hiyo yamekwisha kufanywa kwingine. Katika bonde la Naivasha, tangu 2010, watumiaji wa maji wa kando ya ziwa, yakiwemo mashamba ya maua, wamechangia malipo kwa wakulima wadogo wa nyanda za juu wanaozuia mmomonyoko kwa kupanda nyasi na miti kwenye kingo. Malipo yalikuwa vocha za pembejeo, si utajiri, lakini yalithibitisha kwamba wa chini anaweza kumlipa wa juu. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi kwa msingi huohuo, ukizishirikisha kampuni kubwa zinazotegemea maji ya mto huo. Mara ina wateja matajiri kuliko hao wote. Dola moja tu kwa kila siku ya mgeni wa kigeni, ikiwekwa kwenye mfuko wa Nyangores na Amala, ingekuwa chanzo kinachorudi kila msimu.

Na Silibwet nayo iwe tayari kutimiza upande wake. Mikaratusi imepandwa hadi ukingoni mwa mto kwa sababu kuni zake hununuliwa na viwanda vya chai, ingawa serikali iliagiza tangu 2009 iondolewe karibu na mito. Kulima hadi majini kunaugeuza Nyangores kuwa wa rangi ya kahawia kila mvua kubwa inaponyesha. Mau yenyewe ilipoteza zaidi ya hekta 60,000 kwa uamuzi wa serikali wa 2001. Mkulima atakayelipwa atakubali kuacha ukanda wa mto, kupanda mianzi na miti ya asili, na kukaguliwa. Viwanda vitalazimika kupanda kuni zao mbali na maji. Huo ni mkataba wenye masharti kwa pande zote mbili, na ndiyo maana una heshima kuliko msaada.

Msingi wa kisheria upo. Ibara ya 69 ya Katiba inaitaka Serikali kuhakikisha faida za maliasili zinagawanywa kwa haki. Ibara ya 189 inaziruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na bonde la Mara lina chama cha aina hiyo tangu 2003. Mswada wa kugawana faida za maliasili umefikishwa Seneti zaidi ya mara moja tangu 2014. Maseneta wa Bomet na Narok waulizwe hadharani wanausimamiaje.

Mpango wa maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027 unakaribia mwisho, na utakaoufuata hauwezi kupitishwa bila wananchi kusikilizwa. Maofisa wakifika Silibwet kukusanya maoni, wakazi wataombwa kutaja miradi wanayoitaka, na neno hoteli litatamkwa mapema. Waliandikishe jambo jingine kwanza: kamati ya pamoja na Narok, mfuko wa mto wenye akaunti inayokaguliwa, na tarehe ya malipo ya kwanza kwa wenye mashamba ya kandokando ya Nyangores. Mwekezaji anayetaka kilima anaweza kusubiri hadi hayo yatiwe sahihi.